Nikumbushe Baadaye

Aliyebuni kitufe cha "Nikumbushe baadaye" alitujua vizuri sana binadamu. Alijua kwamba baadaye haina tarehe. Kompyuta inakuuliza kwa upole, kule pembeni mwa skrini, kama ungependa kutunza faili zako na mahali pengine, nawe uliyekesha miezi sita ukiandika tasnifu unabonyeza "baadaye" kwa kasi ya mtu anayefukuza nzi. Betri ikibaki asilimia 10 unaruka kama umekanyaga kaa la moto, chaja iko wapi, chaja iko wapi! Lakini kazi ya miaka kumi imekaa kwenye diski moja kuukuu, na usingizi unakuja bila kubembelezwa.

Na hiyo diski yenyewe tunaiamini kwa sababu hatujawahi kuiona tumboni. Hadidiski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea kwa umbali wa nanomita chache tu, yaani hata unywele ungepita hapo ungeonekana gogo. Kitu cha namna hiyo ndicho unachokirusha kitandani kikiwa bado kinazunguka, halafu unashangaa kikianza kugonga: tak, tak, tak. Ule mlio ni kichwa kinachotafuta njia yake kwenye sahani, kinaikosa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Ukiusikia, zima. Usiwashe tena "kuona kama imepona", kwa sababu kila mzunguko unaweza kuwa unakwaruza kilichobaki. Na wale wanaoshauri uipige kofi au uiweke kwenye friza, waombe kwanza waweke ya kwao.

SSD, ile diski mpya isiyo na sahani zinazozunguka, haina makelele hayo. Yenyewe ina adabu, inakufa kimyakimya. Asubuhi unawasha, kompyuta inakwambia haijawahi kusikia habari za diski. Tena ukifuta faili kwenye SSD, mfumo huiarifu kwamba nafasi ile haina kazi tena, nayo huisafisha mapema ili iandike haraka baadaye. Amri hiyo inaitwa TRIM, na ndiyo sababu programu za kufufua faili hurudi kutoka huko na mikono mitupu. Kwenye hadidiski ya sahani angalau kuna matumaini, kwani faili iliyofutwa hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake. Sasa tazama mtu anavyofanya: amefuta kwa bahati mbaya, anahaha, anapakua programu ya kufufua faili, anaisakinisha kwenye diski ileile! Hiyo ni sawa na kutafuta nyayo za mwizi huku unafagia uwanja.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Kwenye kompyuta mjukuu huyo huzaliwa dakika ileile na anakuja na meno.

Lakini wanaonichosha zaidi si wasio na bakapu, yaani nakala ya akiba. Wanaonichosha ni wale wanaosema "mimi ninayo." Haya, iko wapi? "Nimenakili kwenye D." Ndugu yangu, kwenye laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ni moja, imegawanywa tu. Nyumba ikiungua, moto hauulizi chumba. Mwingine anayo kwenye flashi, na flashi iko kwenye mkoba wa laptopu, ule mfuko mdogo wa mbele. Mwizi akichukua mkoba ataketi kuchambua kwamba hii ya asili abebe, hii nakala amwachie mwenyewe?

Wa tatu ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa amesoma. Huyu anakwambia vitu vyake viko kwenye wingu. Na kweli viko. Ila kilichoko huko mara nyingi ni ulandanishaji, na ulandanishaji ni mtumwa mtiifu: ukifuta huku, anafuta na kule, ukiharibu huku, anapeleka uharibifu kule kwa bidii na haraka. Kwenye Google Drive ulichofuta hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha kinaondoka moja kwa moja. Ukigundua siku ya 31, pole. Halafu kuna virusi vya kudai fidia. Mwezi Mei 2017 WannaCry ilipoenea duniani ilifunga faili za kompyuta pamoja na za diski zilizokutwa zimechomekwa. Kwa hiyo diski ya bakapu inayoishi kwenye kompyuta mchana na usiku si bakapu, ni mateka mwenzako. Kama unategemea wingu, kafungue mipangilio uhakikishe huduma yako inatunza matoleo ya zamani ya kila faili, na kwa muda gani. Nafasi ya bure nayo haifiki mbali: OneDrive GB 5, Google GB 15 zinazogawanwa na barua pepe pamoja na picha. Ikijaa, kulandanisha kunasimama. Onyo linatokea, na pembeni yake kuna kile kitufe.

Wanaoijua kazi hii wana hesabu yao ya 3-2-1. Nakala tatu, ukihesabu na ile unayoifanyia kazi. Kwenye vifaa vya aina mbili. Na moja ikae nje ya jengo. Watu wakisikia tatu wanapiga kelele kana kwamba wameambiwa walishe familia tatu. Lakini ni nini? Laptopu moja, hadidiski ya nje ile pale kabatini, wingu ile kule. Zimetimia.

"Itachukua muda." Ndiyo, mara ya kwanza itachukua. GB 100 kwa USB 2.0, ambayo kwa uhalisia hupitisha kama MB 30 kwa sekunde, ni karibu saa nzima. Kwa USB 3.0 na hadidiski inayoandika MB 100 kwa sekunde ni kama dakika 17. Kupitia intaneti ndipo watu huzimia: kasi ya kupakia ikiwa megabiti 1 kwa sekunde (megabiti nane ndizo hufanya MB moja), GB 100 ni siku tisa na ushee bila kukatika. Ndiyo maana nakala ya kwanza unaifanya kwenye diski, na kwenye wingu unaanza na nyaraka, video zisubiri. Tena si lazima ubebe kila kitu. Windows yenyewe na programu utazipakua upya. Usizoweza kupakua popote ni picha zako, maandishi yako, hesabu zako, alamisho za kivinjari na barua pepe zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Hizo mbili za mwisho hujificha kwenye folda ya AppData, ambayo Windows haikuonyeshi mpaka uwashe kuona vitu vilivyofichwa. Wengi hunakili eneokazi na Documents, wakapangusa jasho, wakafuta mashine. AppData hiyo ikaenda na maji.

Ile mistari ya kunakili nayo ina dharau zake. Inasema zimebaki dakika 4. Unainuka, unarudi, inasema saa 2. Unaiangalia kwa hasira, inashuka hadi sekunde 50, inakaa hapo kama imepigiliwa misumari. Si wazimu. Video moja ya GB 3 inapita kama maji kwenye bomba, ila picha ndogo 40,000 kila moja lazima ifunguliwe, iandikwe, iorodheshwe na kufungwa, na mashine inakisia kwa kasi ya hizo ilizozishika wakati huo. Na ikikugomea kwamba faili ni kubwa mno wakati diski ina nafasi tele, tazama umbizo, yaani mtindo ambao diski hupangia faili: FAT32 haikubali faili inayofika GB 4. Ibadilishe iwe exFAT, lakini kabla hujaumbiza ondoa vilivyomo, maana kuumbiza kunafuta. Nimeandika hilo makusudi.

Dawa ya uvivu ni kuiachia mashine kazi hiyo. Mac ina Time Machine: hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, mpaka diski ijae ndipo inaanza kutupa za zamani. Windows ina Historia ya Faili (File History), ambayo isipobadilishwa hunakili kila saa, diski ikiwa imechomekwa. Wapenda kuandika amri wana robocopy, amri ya Windows ya kunakili, na hapo natoa tahadhari. Ukiandika

robocopy C:\Users\jina\Documents E:\bakapu /MIR

lile neno /MIR linafanya kule E, yaani diski ya nje, pafanane kabisa na huku, pamoja na kufuta kule chochote ambacho huku hakipo. Geuza njia hizo mbili kwa usingizi, uanze na E ambayo ni tupu, nayo itakutii: itaifagia Documents yako mpaka ing'ae. Endesha kwanza na /L mwishoni, ambayo inaorodhesha tu itakachofanya bila kugusa kitu.

Wenye blogu nao wana imani yao: kampuni ya seva itatunza. Usisafirie nyota ya mwenzio. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya seva ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na waliokuwa wameweka tovuti na bakapu yake papo hapo walipoteza vyote kwa moto mmoja. Blogu ya WordPress, ile programu ya kuendeshea blogu, ina nusu mbili. Maandishi, maoni na mipangilio vimo kwenye hifadhidata. Picha, mandhari na programu-jalizi zimo kwenye folda ya wp-content. Mtu anabonyeza "Export" kwenye menyu ya zana, anapata faili moja ya XML, anajipongeza. Ndani yake kuna makala na maoni, lakini picha ni anwani tu, na zinaelekeza kwenye seva ileile unayoiogopa! Nenda phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata kwenye seva, utoe hifadhidata kama faili ya .sql, kisha pakua wp-content nzima pamoja na faili za mipangilio, wp-config.php na .htaccess. Ukitumia programu-jalizi kama UpdraftPlus, iambie ipeleke nakala nje. Usipoiambia inaziweka ndani ya wp-content, yaani blogu inatunza bakapu yake mfukoni mwake mwenyewe. Na fanya kabla ya kusasisha, usingoje skrini iwe nyeupe.

Sasa tufike kwenye kero kuu, kwamba unaweza kuyafanya yote hayo na usiwe na kitu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu, usiku, katika kuhangaikia hitilafu, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za bakapu na kurudufu. Zikatafutwa. Moja ilikuwa ikigoma kila siku kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa mlangoni, hivyo hakuna aliyejua. Walipofungua hifadhi ya mbali walikuta tupu. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla ya tukio, na data ya saa hizo sita ilipotea. Hao ni watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao. Wewe na flashi yako ya zawadi je?

Jaribu, basi. Chukua bakapu, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua faili tatu: moja ya zamani kabisa, moja ya wiki hii, na moja kubwa. Usiishie kuona majina, majina huwa yapo hata faili ikiwa na baiti sifuri. Fungua, sogea mpaka ukurasa wa mwisho, cheza video katikati. Faili ya .sql ifungue kwa kihariri cha maandishi uende mkiani. Kama ilitolewa na mysqldump, programu ya kutoa hifadhidata, mstari wa mwisho huanza na "-- Dump completed". Usipouona, huenda ilikatika njiani, na makala zako za karibuni ndizo zilizoachwa. Halafu uirudishe kwenye seva ya majaribio ndani ya kompyuta yako. Hapo ndipo utakapogundua kwamba PHP, lugha inayoendesha WordPress, kwa chaguo-msingi hupokea faili ya MB 2 tu na yako ina 60, na ni heri uligundue hilo siku isiyo na msiba. Kama umeifunga diski kwa BitLocker, kufuli ya Windows, ule ufunguo wa kuifungulia wa tarakimu 48 uchapishe kwenye karatasi. Kuuhifadhi ndani ya diski iliyofungwa ni kufungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku.

Kuna hata siku ya dunia ya bakapu, 31 Machi, tangu 2011. Wameiweka mkesha wa Siku ya Wajinga, na sijasikia mtu akilalamika kwamba ameonewa.

Ukimaliza, usichomoe kwa pupa. Bonyeza kutoa kwa usalama, subiri taa iache kupepesa, kwa kuwa mfumo huweza kuwa umesema "tayari" huku vipande vya mwisho bado viko kwenye kumbukumbu. Kata kipande cha plasta, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, bandika juu ya diski. Kisha ipeleke kwa shangazi, kwa rafiki, popote palipo na mlango mwingine. Ukisikia mkono unaelekea kwenye ule mfuko mdogo wa mbele wa mkoba wa laptopu, urudishe.