Mzazi Aliyechoka Apewe Usingizi Kwanza

Kila Mei, Siku ya Akina Mama ikikaribia, redio zetu hapa Nairobi huanza kuwahimiza akina mama wajipende: wakasingwe, watengenezwe kucha, wapelekwe Naivasha wikendi. Ushauri huohuo husambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya mitaa mwaka mzima. Unaniudhi, kwa sababu wanaoambiwa hivyo wengi wao hawajalala masaa manne mfululizo tangu mtoto azaliwe. Mama wa Kayole mwenye mtoto wa miezi saba na mwingine wa PP1, darasa la awali la chekechea, anayechukuliwa na basi la shule alfajiri, ukimlaza mezani asingwe, atasinzia. Akirudi jioni atakuta vyombo kwenye karai, na usiku ni uleule.

Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, watafiti wa Ubelgiji, wameuchunguza uchovu wa malezi kwa miaka mingi. Dalili walizozieleza, wazazi wengi watazitambua: kuishiwa nguvu kabisa, kulisha na kuogesha huku moyo haupo, kukosa raha ya kuwa mzazi, kujiona si yule mzazi uliyekuwa zamani. Chanzo ni mzigo kuzidi msaada kwa muda mrefu. Kwa hiyo dawa ni kupunguza mzigo, na mzigo wa kwanza kupunguzwa ni usiku.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na sehemu yake nzito zaidi huja mapema usiku. Anayeamshwa kila baada ya saa moja hukatizwa kabla mzunguko haujakamilika, tena na tena. Ndiyo maana aliyelala masaa sita kwa vipande vitano huamka amevunjika mwili, na jirani yake aliyelala matano bila kuguswa anaweza kufanya kazi. Kinachotafutwa, basi, ni kipande kimoja kirefu kwa kila mtu mzima, kila usiku. Hakipatikani bila zamu.

Zamu iwe ya saa zinazojulikana. Mmoja analala saa tatu usiku hadi saa nane, mwingine saa nane hadi saa moja asubuhi. Mwenzako si lazima awe mume. Bibi ya mtoto, shangazi au mdogo wako anafaa. Wanaosema "tutasaidiana tu" huishia kuamka wote wawili kila mtoto anapolia, kwa kuwa kila mmoja analala akisikiliza kama mwenzake atanyanyuka.

Anayenyonyesha pia anaweza kulala zamu yake, ila asianze mapema mno. Wiki nne hadi sita za kwanza maziwa bado yanajijenga, na kunyonyesha usiku ndiko kunakoyajenga. Hapo mwenzake amsaidie kwa kumletea mtoto, kumcheusha na kumbadilisha nepi. Baada ya hapo, mtoto anyonye kama saa tatu kasorobo, kisha mama akamue maziwa kwenye chombo safi chenye kifuniko. Kama hakuna friji, maziwa hayo yanakaa hadi masaa manne mahali penye baridi ya kawaida ya usiku wa Nairobi, kwa hiyo yatumike kabla ya saa saba. Yapashwe kwa kutia chombo ndani ya maji moto, yasichemshwe. Kikombe kidogo kinatosha kumnywesha, na ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Matiti yakijaa hadi yakauma, mama aamke akamue kidogo arudi kulala. Akivumilia hadi asubuhi, maziwa yakikwama ndani, titi linaweza kuvimba na kumletea homa.

Kinachovunja zamu mara nyingi ni swali. "Dawa ya homa iko wapi?" Mama akishajibu, usingizi umekwenda. Kabla ya saa tatu, weka kwenye beseni moja nepi tatu, nguo za kubadilisha, vitambaa, kipimajoto, chupa ya chai iliyojaa maji moto, na dawa ikiwa na karatasi ya kipimo alichoandika daktari kulingana na uzito wa mtoto. Aliye zamu asiulize chochote kilichomo humo.

Katika bedsita, nyumba ya chumba kimoja, hakuna pa kukimbilia. Mtoto ahamie upande wa aliye zamu, na anayelala ageukie ukutani akiwa na vizibo vya masikio kutoka duka la dawa. Na jambo moja nalisema kwa uzito: aliye zamu asikae na mtoto mchanga kwenye kochi akasinzia. Mtoto huteleza kati ya mwili na mto akakosa hewa. Macho yakianza kufunga, mlaze mtoto chali kwenye kitanda chake.

Aliyepewa nafasi ya kulala naye asiiharibu. Simu ikae mbali na mto. Chai ya majani ya saa kumi jioni, tunayoipenda sote, baada ya masaa kama matano nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Uji unafaa zaidi saa hiyo.

Najua pingamizi: baba anafika nyumbani saa tatu, msongamano wa Thika Road umemmaliza, na kesho anaamka saa kumi na moja. Sawa. Basi ashike hadi saa saba, kisha alale hadi aamke. Mama atakuwa amepata masaa manne kamili. Kama anaendesha matatu au lori, au anashika mashine kiwandani, nakubali asipunguziwe usingizi siku za kazi, kwa kuwa dereva anayesinzia huua. Ashike usiku mzima unaotangulia siku yake ya mapumziko. Kusema "mimi natafuta pesa" hakumwondolei mtu usiku wote saba.

Kwa mzazi aliye peke yake, zamu hupatikana mchana. Wazazi wawili wa ploti moja wabadilishane: Jumamosi mmoja achukue watoto wote kuanzia saa nane hadi saa kumi, Jumapili mwingine. Ukilala, lala dakika 20 au lala 90. Ukiamshwa katikati, usingizi ukiwa mzito, utakuwa mzito wa kichwa jioni nzima. Muda huo usiufulie nguo. Kama kuna pesa kidogo mwezi huu, mama fua aitwe siku hiyohiyo.

Wenye yaya wasikie hili pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na yaya ni mfanyakazi. Amechoka kama wewe, na huenda ana mtoto wake mashambani anayelelewa na bibi. Anayenyimwa Jumapili hatakaa, na utarudi kutafuta mwingine. Chemsha githeri Jumamosi, kubali nyumba isiyopigwa deki, siku ipite.

Matembezi katika msitu wa Karura ni mazuri, sikatai, hasa asubuhi, mwanga unapousaidia mwili kujua usiku ni lini. Runinga nayo inaweza kumkalisha mtoto wa miaka mitatu ukipika; Shirika la Afya Duniani linasema isizidi saa moja kwa siku.

Lakini kuna uchovu ambao zamu haiutibu. Ukipata nafasi ya kulala na usingizi ukakataa, ukilia au kukosa hamu na kila kitu kwa wiki mbili, hiyo yaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Upungufu wa damu, na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, navyo huleta uchovu unaofanana, na vyote viwili hupimwa kwa damu. Kliniki ya chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto hupimwa uzito, na mama mara nyingi haulizwi kitu. Usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi: "Silali, na sijisikii mimi. Naomba nipimwe damu na nionane na mtu wa afya ya akili." Na kama umewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpe mtoto mtu unayemwamini na uende hospitali usiku huohuo, ukisindikizwa.