Diego, E5 na tone la damu: vinasaba viamue hifadhi ya reptilia?

Diego, kobe mkubwa wa kisiwa cha Española huko Galápagos, alisifika duniani kote kuwa ndiye dume aliyeokoa ukoo wake. Vipimo vya vinasaba vikapunguza sifa hizo: watoto wake ni kama 40%. Karibu wote waliobaki ni wa dume mmoja mpole asiyevuma, ambaye hata jina hana, anaitwa E5 tu. Macho yalimwona mwenye vishindo, damu ikamtaja baba.

Wanaotaka vinasaba viongoze uhifadhi wana ushahidi mzito kuliko huo, nao uko Smygehuk, kusini mwa Uswidi. Kundi dogo la nyoka aina ya piri lilikuwa limetengana na wenzake, likabaki kupandana ndugu kwa ndugu. Piri huyo hazai mayai, huzaa watoto. Na majike wale walizaa vitoto vingi vilivyokufa au vyenye kilema. Mwaka 1992 watafiti wakaleta madume 20 kutoka kundi jingine, wakawaacha kwa misimu minne, kisha wakawaondoa waliosalia. Mwaka 1999 walikamata madume 32, wengi wao wachanga. Kundi lililokuwa linakwisha likafufuka kwa damu ya wageni. Hapo sina ubishi.

Lakini rudi Española. Walikuwa wamebaki kobe 14, majike 12 na madume wawili, kabla Diego hajarejeshwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego. Ukienda kwa hesabu ya vinasaba peke yake, ukoo wa wazazi 15, tena wenye baba wawili hasa, ungekatiwa tamaa mapema. Leo wako kama 2,000. Walizalishwa kwa uangalizi, ndiyo, ila wangerudi kula nini kama mbuzi waliokimaliza kisiwa wasingeondolewa? Kazi hiyo iliisha mwaka 1978, na haikuhitaji maabara. Anayetetea vinasaba atajibu kwamba umaskini wa damu ni deni, likija gonjwa jipya litadaiwa. Ni kweli. Hata hivyo, mwenye fedha za kazi moja tu, mimi ningemwambia aanze na mbuzi.

Kinachonitia shaka zaidi ni pale vipimo vinapogawa majina. Mwaka 1990, kwa vipimo vya protini na maumbo, tuatara (reptilia anayefanana na mjusi) wa kisiwa cha North Brother, New Zealand, walitangazwa kuwa spishi ya peke yao. Kwa kuwa walikuwa wachache, baadhi walihamishiwa visiwa vya Titi na Matiu, wasije wakaangamia wote mahali pamoja. Miaka kama 20 baadaye vinasaba vikasema: tuatara wote ni spishi moja. Je, vingesema hivyo mapema, nani angegharamia safari ile? Jina limefutwa, na tuatara wa Matiu bado wapo.