Niliombwa Ushahidi Kwamba Sijaolewa

Kwetu Usukumani, ukiitwa Shija huna haja ya kueleza ulivyozaliwa. Kulwa na Doto wametangulia, pacha, kisha ukafuata wewe. Pale Nyakato, mtaani kwetu Mwanza, mtu akisikia jina langu ameshajua nina ndugu wawili wa siku moja, na akitaka zaidi anajua nyumba ya kubisha hodi. Ujerumani nina mwaka wa saba sasa, nauguza wagonjwa wao usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani hasa mpaka siku nilipotaka kuolewa.

Mchumba wangu ni Mjerumani. Yeye alimaliza nyaraka zake asubuhi moja. Huku kila anayehamia nyumba mpya anatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki 2, na daftari hilo linaonyesha pia kama mtu ana ndoa, ameachika au amefiwa. Ikatolewa karatasi moja yenye muhuri, basi. Mimi nilitakiwa kuleta hati ya kuthibitisha kwamba nchini kwangu hakuna kizuizi cha mimi kuolewa. Kwa upande wangu ilibidi kuomba kusamehewa hati hiyo, na anayesamehe ni rais wa mahakama ya juu ya jimbo. Msamaha wenyewe unadumu miezi 6. Ukiisha hamjafunga ndoa, mnaanza upya.

Kilichonichosha zaidi ni majina. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina langu na la baba. Pasipoti imeongeza la babu. Msajili wa ndoa, mama mpole kabisa, aliweka karatasi mbili mezani akaniuliza kama huyu na huyu ni mtu mmoja, na jina la ukoo ni lipi. Nikamweleza kwamba kwetu jina la tatu ni la babu, na kwamba mama yangu ana majina ya baba yake na babu yake, hakuchukua ya mumewe. Akaandika yote, kisha akasema anahitaji kiapo. Kaka Kulwa akaenda kwa wakili Mwanza, kiapo kikatumwa, mfasiri aliyeapishwa mahakamani akakitafsiri kwa Kijerumani, kila ukurasa kwa bei yake. Usiku ule nililia. Niliona kama naambiwa kwamba watu wote walionilea si mashahidi wa kutosha.

Baadaye nilisoma Sheria ya Ndoa yetu ya mwaka 1971, na hasira ikaanza kupungua. Sheria ile inaitambua ndoa ya kimila hata kama haikusajiliwa popote. Inaruhusu pia ndoa ya wake wengi. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawaona kama mume na mke, watachukuliwa kuwa wamefunga ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mgeni akituuliza, “Mna hakika huyu hana ndoa?”, jibu la kweli haliwezi kutoka kwenye daftari peke yake. Liko kwa majirani.

Na sisi tuna namna yetu ya kuwauliza majirani. Sheria inataka tangazo la nia ya kufunga ndoa litolewe siku 21 kabla. Kanisani padri anasoma majina Jumapili tatu, na mwenye pingamizi anaambiwa ajitokeze. Kabla ya hapo mshenga ameshapeleka barua ya posa, na shangazi wameshaulizia ukoo, magonjwa, tabia, hata deni. Wajerumani nao walikuwa na tangazo la hadharani, wakalifuta mwaka 1998, maana daftari liliwatosha. Mimi bado naona wazee wangu wanachunguza kwa kina kuliko ofisi yoyote. Baba mkubwa alimhoji mchumba wangu kwa simu saa nzima, mimi nikiwa mkalimani, kabla hajakubali kutaja ng'ombe.

Lakini ushahidi wa watu una kasoro moja ambayo siwezi kuifumbia macho: watu hufa, na wengine hubadilika. Mama yangu mdogo aliolewa Ukerewe na mvuvi. Mahari ilitolewa, watoto wakapatikana wanne, kisiwa kizima kikamjua kama mke wa yule bwana. Mumewe alipofariki, mashemeji walewale waliokula harusi yake walisema alikuwa hawara tu. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo na kuzunguka miezi akitafuta wazee waliokuwepo siku ya mahari. Wawili walishazikwa. Karatasi ambayo mimi niliichukulia kama tusi ndiyo angeishika mkononi siku ile, asizungushwe.

Ndiyo maana siungani na Watanzania wenzangu huku wanaosema Wazungu wanaabudu karatasi. Wanaiamini kupita kiasi, sawa. Sisi tunaidharau, na anayelipa ni mjane.

Ndoa yetu tuliifunga mwezi wa tano, kwa dakika ishirini, na likizo iliyofuata nikaenda nyumbani. Dada Doto ameolewa Sengerema kimila, mwaka wa tisa huu, bila cheti. Tulivuka daraja la Kigongo–Busisi, tukamchukua yeye na shemeji hadi ofisi ya Mkuu wa Wilaya kusajili ndoa yao. Karani akauliza nani alishuhudia mahari ikitolewa. Mzee aliyekuwa mshenga wao alikuwa amekuja nasi, na fimbo yake. Akasimama, akataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi, na karani akawa anaandika.