Abiria walipokwama na bado wakawaunga mkono waliogoma

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 2025, wahudumu wa ndege wa Air Canada zaidi ya 10,000 waligoma. Ilikuwa katikati ya likizo za kiangazi, na shirika hilo, kubwa kuliko yote nchini Kanada, hubeba abiria wapatao 130,000 kwa siku. Mgomo ulidumu hadi alfajiri ya Jumanne. Safari zaidi ya 3,000 zilifutwa, watu wapatao nusu milioni wakavurugiwa mipango, na kampuni yenyewe ikakadiria kwamba faida yake ya uendeshaji ilipungua kwa dola za Kanada milioni 375.

Kwa kawaida abiria aliyelala kwenye sakafu ya uwanja wa ndege humlaani aliyemlaza pale. Safari hii lawama nyingi ziliishia kwa kampuni na kwa serikali. Jambo hilo halitokei mara nyingi, ndiyo maana linastahili kuchunguzwa, ingawa nadhani wanaolishangilia wanaliona kubwa kuliko lilivyo.

Kiini cha ugomvi kilikuwa namna ya kuhesabu saa za kazi. Katika mashirika mengi ya Amerika Kaskazini, mhudumu hulipwa kwa saa za ndege kuwa mwendoni. Saa inaanza kuhesabiwa ndege ikiondoka getini na inakoma ikiegeshwa mwisho wa safari. Kupokea abiria, kumsaidia mama mwenye mtoto mchanga, kukagua vifaa vya usalama, kutuliza watu ndege inapocheleweshwa saa mbili na milango iko wazi, yote hayo yako nje ya saa hiyo. Fikiria konda wa basi la Dar kwenda Mwanza anayeambiwa kwamba ujira wake unaanza basi likishavuka geti la stendi, na kwamba kupakia mizigo na kupanga abiria kwenye viti ni juu yake mwenyewe. Chama cha wahudumu hao, CUPE, kilisema wanachama wake hufanya wastani wa saa 35 za aina hiyo kila mwezi bila malipo.

Dai likiwa hivyo, halihitaji mwanasheria wa kulifafanua. Abiria amewaona kwa macho yake wakihangaika na mabegi kabla ndege haijaondoka. Akiambiwa kwamba dakika zile hazina malipo, anashtuka, kisha anauliza inawezekanaje kisheria. Chama kililijua hilo. Mabango, fulana, mahojiano, vyote vilirudia jambo hilo moja. Hata mkutano wa wakubwa wa kampuni na waandishi wa habari siku mbili kabla ya mgomo ulikatishwa baada ya wafanyakazi kuinua mabango ndani ya ukumbi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo uchambuzi unapopaswa kuanza. Utafiti wa maoni uliotajwa sana siku zile ulionyesha kwamba karibu Wakanada tisa kati ya kumi waliona wahudumu walipwe kwa kazi zote wanazofanya. Lakini swali hilo ni rahisi mno. Nani atajibu kwamba mtu afanye kazi bure? Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: je, serikali iheshimu haki yao ya kugoma hata kama safari zitavurugika? Hapo waliokubali walikuwa karibu sita kati ya kumi. Bado ni wengi, lakini kati ya tisa na sita kuna watu wengi wanaosema "mna haki" na papo hapo "lakini msiniharibie safari". Matokeo hayo yalitangazwa na chama chenyewe, na kwa hiyo tofauti hiyo inaniambia mengi kuliko idadi ya kwanza.

Tuigeukie kampuni, maana haikukosa hoja. Ilisema mpango iliouweka mezani ungeongeza jumla ya malipo na marupurupu kwa asilimia 38 katika miaka minne, na asilimia 25 ingekuja mwaka wa kwanza tu. Ilikuwa pia imekubali kuanza kulipia kazi ya ardhini kwa nusu ya kiwango cha saa. Kuna hoja nyingine ambayo watetezi wa wahudumu huikwepa: utaratibu wa kulipa saa za mwendo haukuletwa na kampuni peke yake. Vyama vimeutia saini mkataba baada ya mkataba kwa miongo mingi. Kiwango cha saa kilipangwa kwa kujua kwamba kuna kazi isiyohesabiwa, na wakongwe waliofaidika nao hawakuwa na haraka ya kuubadilisha. Mwenye ukongwe huchagua safari ndefu, apande mara moja na kuruka saa kumi na tatu. Kijana aliyeajiriwa juzi hupangiwa safari fupi tatu au nne kwa siku, na kila moja ina upakiaji wake usiolipwa.

Hoja hiyo ina uzito, ila inaibana kampuni upande mwingine. Mkataba uliokwisha Machi 2025 ulikuwa wa miaka kumi. Ulitiwa saini mwaka 2015, ukapita katikati ya korona na mfumuko wa bei uliofuata. Asilimia 38 inaonekana kubwa kwa asiyejua kwamba inajumlisha pensheni na marupurupu. Katika mshahara wenyewe, chama kilisema nyongeza ya mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 8. Na Kanada inapakana na Marekani, ambako shirika la ndege la Delta lilianza kulipia muda wa kupakia abiria mwaka 2022, tena wahudumu wake hawana chama. American Airlines ikafuata katika mkataba wa 2024. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba jambo hilo haliwezekani kibiashara.

Kisha serikali ikaingia. Haikupita hata nusu siku tangu mgomo uanze, Waziri wa Ajira, Patty Hajdu, akatumia Kifungu cha 107 cha Sheria ya Kazi kuagiza wafanyakazi warudi na mgogoro upelekwe kwa mwamuzi ambaye uamuzi wake ni lazima. Utetezi wa hatua hiyo si wa kudharauliwa. Ndege hubeba pia dawa na mizigo, kuna raia waliokwama ng'ambo, na uchumi ulikuwa tayari unatikiswa na ushuru wa Marekani. Mgonjwa anayesubiri tiba katika mji mwingine hakushiriki mazungumzo ya mshahara, naye ana haki ya kuuliza kwa nini alipe gharama yake.

Tatizo ni mazoea. Kifungu hicho kilikuwa kimetumika mwaka 2024 kwa reli, kwa bandari na kwa posta. Mwajiri anayejua kwamba waziri ataingilia hana sababu ya kuhangaika mezani, na Air Canada ilikuwa imeomba uingiliaji huo kabla mgomo haujaanza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo maoni ya watu yalipogeuka moja kwa moja. Chama kilikataa kutii amri. Rais wake wa taifa, Mark Hancock, akasema kama ni lazima watu kama yeye waende jela, basi na iwe hivyo. Bodi ya mahusiano ya kazi ikatangaza kwamba mgomo haukuwa halali. Siku ileile ya Jumatatu waziri akatangaza uchunguzi kuhusu kazi isiyolipwa katika mashirika ya ndege. Serikali iliyoamuru watu warudi kazini ilikuwa sasa inakubali kwamba lalamiko lao linastahili kuangaliwa. Usiku huo pande mbili zilikaa na msuluhishi William Kaplan, na kabla jua halijachomoza makubaliano yakapatikana.

Mtu anaweza kusema Wakanada ni wapole tu, wana huruma na wafanyakazi. Sikubali, na mfano wa Uingereza unanisaidia. Desemba 2009, wahudumu wa British Airways walipiga kura kwa zaidi ya asilimia 92 kugoma siku 12 kuanzia tarehe 22, yaani Krismasi nzima. Walikuwa wanapinga, pamoja na mengine, kupunguzwa kwa wahudumu katika safari ndefu. Magazeti yakachapisha mishahara: wastani wa pauni 29,900 kwa mhudumu wa BA, karibu mara mbili ya wa shirika pinzani la Virgin Atlantic. Kampuni ilikuwa imetangaza hasara ya pauni milioni 401, na mkuu wake, Willie Walsh, alikuwa ameacha mshahara wake wa mwezi mmoja. Ukichanganya na sikukuu, wahudumu walikuwa wameshapoteza mioyo ya watu kabla Mahakama Kuu haijazuia mgomo ule kwa kasoro za upigaji kura. Waligoma mwaka uliofuata, jumla ya siku 22, na mwezi Machi hata Waziri Mkuu Gordon Brown wa chama cha Labour aliwalaani. Dai la kutopunguza wahudumu halikuwa la kipuuzi, kwa kuwa ni suala la usalama na uchovu. Abiria hakuliona tu.

Nyumbani tuna mifano miwili. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways, chini ya chama chao KALPA, waligoma kuanzia tarehe 5 wakidai, miongoni mwa mengine, kurejeshwa kwa michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni iliyositishwa wakati wa korona. Kisheria, dai hilo lilikuwa na mashiko kuliko wengi walivyokubali. Lakini serikali inamiliki asilimia 48.9 ya shirika, na mlipakodi amelibeba kwa mikopo na dhamana kwa miaka mingi. Wakenya wengi niliowasoma na kuwasikia wakati ule waliona watu wenye mishahara minono wakivuta shuka la wasio na chochote. Mahakama ya ajira ikawaamuru warudi, na tarehe 9 wakarudi.

Septemba 2024 mambo yakawa kinyume. Wafanyakazi wa usafiri wa anga waligoma katika uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, kupinga mpango wa kuukodisha uwanja kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Abiria walipanga foleni nje usiku na asubuhi, na bado wengi waliwaunga mkono waliogoma. Mpango ule ulikuwa unawaudhi Wakenya tayari, na mgomo ukawasemea. Miezi miwili baadaye Rais Ruto akaufuta mpango huo.

Nikiiweka migomo hii pamoja, sioni kwamba ukubwa wa usumbufu ndio unaoamua. JKIA ilikwama, Toronto ilikwama. Kinachoamua ni kama abiria anajitambua katika dai, na kama anaamini kwamba anayegoma ana kidogo kuliko anayegomewa. Mhudumu kijana wa Air Canada alipita mitihani yote miwili. Rubani wa Kenya Airways aliifeli yote, pengine kwa kuonewa.

Huruma hiyo ina mipaka, na matokeo ya Kanada yanaionyesha. Makubaliano ya Agosti yalileta malipo ya kazi ya ardhini, kuanzia nusu ya kiwango cha saa na kupanda asilimia 5 kila mwaka, kwa dakika 60 katika ndege ndogo na 70 katika kubwa. Hilo ndilo lililokuwa kwenye mabango. Upande wa mishahara, nyongeza ya mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 12 kwa wageni kazini na 8 kwa wakongwe. Walipopigia kura sehemu hiyo mwezi Septemba, asilimia 99.1 waliikataa. Lakini hawakuwa tena na ruhusa ya kugoma, kwa kuwa walishakubaliana kwamba mishahara ikikataliwa iende kwa msuluhishi kisha kwa mwamuzi. Abiria nao walikuwa wamesharudi kwenye safari zao, na asilimia 8 haikuwa kitu cha kumtoa mtu jasho barabarani. Kwa hiyo anayesema umma wa Kanada uliwashindia wahudumu anasema nusu ya kweli.

Kuna jambo moja ambalo mjadala wote ule uligusa kwa mbali tu. Kanuni za Kanada huuhesabu mgomo wa wafanyakazi wa shirika kuwa jambo lililo nje ya uwezo wa shirika. Abiria hutafutiwa safari nyingine au kurudishiwa nauli, lakini hapati fidia. Ulaya ni tofauti: mwaka 2021, katika kesi iliyohusu mgomo wa marubani wa SAS, shirika la ndege la Skandinavia, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mgomo halali wa wafanyakazi wa shirika lenyewe ni sehemu ya kawaida ya kuendesha biashara, na abiria analipwa fidia ya kati ya euro 250 na 600 kutegemea umbali. Mashirika yanalalamika kwamba hiyo inawapa wagomaji silaha ya pili, na hawakosei kabisa, kwa sababu chama kikijua kila siku ya mgomo inamgharimu mwajiri mara mbili kitasubiri kwa raha zaidi. Hata hivyo ningependa kanuni ya namna hiyo kuliko Kifungu cha 107. Notisi ya mgomo Kanada ni saa 72, muda usiotosha kumjulisha abiria mapema, kwa hiyo chini ya kanuni kama ya Ulaya karibu kila aliyefutiwa safari Agosti ile angekuwa na dai mkononi, na kampuni ingekuwa na sababu ya kumaliza mazungumzo mwezi Julai badala ya kumsubiri waziri.