Kome wa Tanganyika na mfupa wa mgonjwa

Ufukweni Katonga au Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, huhitaji kuzamia ili kupata gamba la kome. Yametapakaa mchangani, nje yamefifia, ndani yanameta. Mng'ao huo ndio lulumizi, na watengenezaji wa vifaa vya tiba wanauchunguza kwa ajili ya kuziba mifupa iliyoharibika.

Lulumizi ni vibamba vya kalsiamu kaboneti ya aina iitwayo aragonaiti, kila kimoja kina unene wa nusu mikroni hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), vimepangwa kama matofali na kugandishwa kwa protini. Protini hizo ni takriban asilimia 5 tu ya uzito, ila bila hizo ufa ungepita moja kwa moja. Mwaka 1992 Evelyne Lopez na wenzake, Ufaransa, walionyesha kwamba lulumizi ya chaza wa baharini huamsha seli zinazojenga mfupa. Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, walitangulia mno: taya la kale lililochimbwa Honduras mwaka 1931 lilikuwa na vipande vya gamba mahali pa meno ya mbele, na eksirei za baadaye zikaonyesha mfupa umevishika.

Basi wanaounga mkono biashara hiyo husema: magamba ya ufukweni ni taka, yaokotwe, yasuguliwe tabaka za nje, yasagwe, yauzwe. (Tanuri la chokaa lisihusike. Joto la nyuzi 400 hivi hugeuza aragonaiti kuwa kalsaiti, aina nyingine ya kalsiamu kaboneti, na likizidi sana unabaki na chokaa ya kupaka ukuta.)

Mimi hoja ya taka ndiyo inayonitatiza. Gamba lililochomwa na jua kwa miezi limepoteza sehemu ya protini zilizolipa thamani. Linafaa kuwa chanzo cha kalsiamu, hata kubadilishwa kwa fosfeti liwe haidroksiapataiti, madini ya jamii ileile ya mfupa. Lakini kwa kazi hiyo kalsiamu ya kiwandani ipo, safi na ya ubora mmoja. Anayefuata protini atataka kome aliyetolewa majini juzi.

Na kome wetu si wa kuchezea. Pleiodon spekii, aliyepewa jina la Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika Ujiji na mwenzake Burton mwaka 1858, hapatikani ziwa lingine lolote. Mabuu ya kome wengi wa maji baridi sharti yajishikize kwanza kwenye samaki, kwa hiyo samaki wakipungua, kome nao hupungua. Hata magamba matupu yana wapangaji: kuna samaki wadogo wanaozaliana ndani ya makombe ya konokono Neothauma kule chini, na kokoro la kuzoa magamba halitachagua.

Watu wa Muscatine, mji wa Marekani kando ya mto Mississippi, waliyaona hayo. Kiwanda cha vifungo vya lulumizi kilianza 1891; mwaka 1905 mji ulitoa vifungo bilioni 1.5, na kome wa Mississippi wakapungua mno mtoni.

Haki isemwe: mgonjwa huhitaji gramu chache, si magunia, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, haitapokea unga ambao kila fungu lina tabia yake na pengine metali nzito. Masharti hayo yenyewe yanasukuma biashara kwenye ufugaji, kama Wachina wanavyofuga kome wa lulu. Huko ningeunga mkono, ilimradi samaki wa kubeba mabuu wafugwe pamoja nao na usagaji ufanyike Kigoma.

Kwa sasa, mnunuzi akija mwaloni, angalia anachochagua. Akisukuma kando meupe ya mchangani na kuuliza yenye ngozi yake ya kahawia, dalili ya kome aliyetolewa majini juzi, hakuja kuokota taka.