Niacheni Ninywe Dafu

Hivi mtu akirudi kwao amechoka, ni lazima aeleze? Leo asubuhi nilitoka na heshima zangu zote, kanzu imepigwa pasi, nikaenda Mama Ngina, ufukweni Mombasa, kukaa chini ya mbuyu nitazame bahari. Kutazama tu. Miaka minne Uingereza, mji ambao Desemba saa kumi jioni jua limeshafunga duka, nimejifungia na tasnifu na msimamizi anayeniandikia pembeni kila ukurasa "unamaanisha nini hapa?" Kivuli hicho nilishakilipia.

Nyumbani hakukaliki. Mama ametangaza mtaa mzima kuwa mwanawe ni daktari. Jana jirani kanivulia kiatu mlangoni, kidole gumba kimeiva. Haya.

Nikaagiza dafu. Muuzaji akalishika, panga juu, akanitazama.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Nikakosea, nikasema masomoni. Kule watahini walikuwa wawili, wakaniuliza kwa adabu, wakasema masahihisho madogo, tukapeana mikono. Huyu hakati dafu mpaka nijibu.

"Nimechunguza, ami, jinsi upepo wa kusi unavyoathiri wavuvi wadogo wa pwani."

"Yawaathiri vipi?"

"Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi bahari huchafuka, wenye vyombo vidogo hawavuki mwamba, samaki hupungua, bei hupanda."

Akangoja. Nami nikangoja.

"Halafu?"

"Ndiyo hiyo, ami."

Panga likashuka. Kach!

"Kurasa ngapi?"

"312."

Akamwita wa mihogo. "Ndoo umsikie huyu! Kusi ikivuma samaki ghali!" Wa mihogo, ndimu na pilipili mkononi, akasema mkewe alijua hilo kabla hajaolewa. Akaja mpiga picha. Akaja wa tuktuk, kaacha abiria ndani. Nikaeleza, kwa upole wa kisomi, kwamba kuna takwimu, kuna modeli.

"Na kaskazi je?" akauliza wa tuktuk.

Nikasema kaskazi ilikuwa nje ya mipaka ya utafiti.

Wallahi walicheka mpaka abiria akashuka. "Nusu ya mwaka imemshinda!"

Hapo heshima ikanitoka. "Mimi nataka dafu! Kutetea nilishatetea!" Na dafu lenyewe, kulionja, koroma! Likanimwagikia kifuani, na doa la dafu mnalijua, halitoki hata uliombee dua. Nikatoa mia, sikungoja chenji, na chenji yenyewe sidhani ilikuwepo.

Miguu ikanifikisha Likoni. Kivuko kinapakia, mkokoteni wa vitunguu umenikwangua kisigino, mama mmoja kanishikisha kuku wake bila hata salamu, nimebanwa katikati ya mabega hata maji siyaoni. Na hakuna aliyeniuliza kitu. Kuku mwenyewe kanyamaza. Upepo ulipita juu ya vichwa, injini ikinguruma chini ya miguu, nikahisi shingo inalegea, shingo hii iliyokaza tangu mwaka wa pili.

Ng'ambo nikamrudishia mama kuku wake, nikageuka nikarudi. Mwenda kwa miguu halipi, basi nikavuka tena.

Mara ya nne askari akanizuia. "Shekhe, wewe wavuka au umeajiriwa hapa?"

"Niko utafitini," nikamwambia.

Akanipisha.