HSP90: dawa iliyokwama, swali lililobaki

Mwanafunzi wa uzamili pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akiomba fedha za kununua vizuizi vya HSP90 (kemikali zinazozuia kazi ya HSP90, moja ya protini za mshtuko wa joto, ambazo seli huzitumia kujikinga), ataulizwa mara moja: mbona tununue kitu ambacho makampuni makubwa yamekijaribu yakashindwa?

Swali ni la haki. Geldanamycin ilitolewa kwenye bakteria wa udongo mwaka 1970, na mwaka 1994 ikabainika kwamba hujishika kwenye HSP90. Ndugu yake, 17-AAG, ilifika kwa wagonjwa mwaka 1999, ikaumiza ini. Kizuizi kingine, ganetespib, kiliangushwa mwaka 2015 na jaribio la saratani ya mapafu. Japani iliidhinisha kizuizi kiitwacho pimitespib mwaka 2022, kwa uvimbe mmoja tu wa nadra wa tumbo na utumbo.

Mimi navutwa na namna zilivyoshindwa. HSP90 ni fundi anayezishika protini nyingine, kama HER2 na AKT zinazochochea saratani kukua, zisipoteze umbo. Seli ya saratani imejaa protini zenye kasoro, kwa hiyo haiwezi kuishi bila fundi huyo. Lakini ukimfunga mikono, seli hudhani imepigwa na joto: HSF1, protini inayowasha utengenezaji wa protini za mshtuko, huamka, HSP70, fundi mwingine wa aina hiyo, huongezeka, na hiyo HSP70 huikinga seli isife. Dawa yenyewe humwitia adui wasaidizi! Kwa tabibu hilo ni balaa. Kwa mtafiti ni mlango: je, ukizuia HSP70 papo hapo?

Na hapa Kenya tuna saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ambayo Bonde la Ufa huwakuta hata vijana wasiofika miaka 30. Seli za umio zinazotumika sana maabara, KYSE na TE, zilitoka kwa wagonjwa wa Japani. Majibu yake hatuwezi kuyachukua kama ya mgonjwa wa Bomet.

Wanaopinga wana hoja nyingine nzito, ya umeme. Miligramu chache za kizuizi si ghali kama kuzitunza: friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na seli zinazodai nyuzi 37 usiku na mchana. Stima ikipotea na jenereta isiwake, kazi ya miezi imekwenda.

Kwa hiyo mwanafunzi huyo ningempa fedha, ila kwa mpango mwingine. Kwanza apate sampuli za wagonjwa wetu, kwa ridhaa yao, na azikuze hadi zistawi. Kizuizi kiagizwe baadaye. Na lebo yake isomwe kwa sauti kwa kila anayeulizia kwa ajili ya jamaa yake mgonjwa: ni cha utafiti tu, hakinywewi wala hakidungwi.